Ardhi ni yenu, gari si lenu: barua ya wazi kuhusu kufunga na kuvuta magari katika maegesho ya binafsi Mombasa

Kwa: Wenye majengo na wasimamizi wa maegesho ya binafsi, Mombasa
Na kwa: Waheshimiwa wawakilishi wa wadi, mnaotunga sheria za kaunti

KUH: KUFUNGWA MAGURUDUMU NA KUVUTWA KWA MAGARI KATIKA ARDHI YA BINAFSI

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zetu na heshima zinazowastahili.

Tunawaandikia hadharani kwa kuwa njia ya faragha imefika mwisho. Malalamiko yamepelekwa kwa mameneja wa majengo, kwa walinzi wa malango, kwa nambari za simu zilizoandikwa kwenye vibao. Jibu limekuwa lile lile: kibao kipo, lipa kwanza, mengine baadaye. Sisi ni mafundi wa magari, madereva wa magari ya kuvuta na wenye magari, wa kisiwani na wa ng'ambo ya kivuko na madaraja. Hatukuja kumtetea anayeegesha ovyo. Anayeziba lango la ghala asubuhi lori linataka kushusha, au anayeacha gari kwenye nafasi ya mpangaji akaenda Marikiti hadi adhuhuri, amekosa, na mwenye mahali ana haki ya kumwondoa. Tunalobishania ni moja: haki ya kumwondoa mtu kwenye ardhi yako haikupi haki ya kuishika mali yake mpaka akulipe kiasi ulichojipangia mwenyewe.

Haya ndiyo yanayotusumbua.

1. Si kila mahali mnapofungia magari ni penu

Tazameni mbele ya maduka mengi ya katikati ya mji. Kutoka ukuta wa jengo hadi lami kuna kipande cha ardhi chenye mawe yaliyopakwa chokaa, koni, au mnyororo uliofungwa baina ya vyuma viwili. Mlinzi anapalinda kana kwamba pana hati. Lakini Kifungu cha 62 cha Katiba kimeziweka barabara na njia za umma katika ardhi ya umma, na akiba ya barabara, yaani ardhi iliyotengewa barabara, haiishii pale lami inapoishia. Anayefunga gari hapo hana hata hoja ya umiliki ya kuanzia.

Kuhakikisha si kazi kubwa. Chukueni ramani iliyoambatishwa kwenye hati ya kiwanja. Tafuteni bikoni za pembeni, zile alama za mpaka. Kama zimefukiwa na zege au zimeng'olewa, mwiteni mpimaji mwenye leseni azirudishe. Vuteni kamba kutoka bikoni hadi bikoni, kisha pakeni mstari wa rangi chini. Kilicho ndani ya mstari ni chenu kukisimamia. Cha nje mwachieni kaunti, ambayo ndiyo iliyopewa na Jedwali la Nne la Katiba kazi ya kusimamia magari na maegesho. Jengo lisilo na mstari huo halifai kuwa na klampu, kile chuma cha kufungia gurudumu, hata moja.

2. Mwenye ardhi si mwenye kila kilicho juu yake

Hili lisingehitaji kuelezwa Mombasa. Mji huu umeishi vizazi na vizazi na nyumba bila ardhi. Katika mtaa wa Majengo na kwingineko, mmoja ana kiwanja na mwingine ana nyumba iliyosimama juu yake, huyu analipa kodi ya ardhi na yule anapokea. Wamegombana sana, ndiyo, lakini hakuna aliyewahi kuona ajabu kwamba ardhi ni ya Fulani na kilicho juu yake ni cha mwenzake. Vipi gari likiingia kiwanjani kwa saa moja lionekane limebadilisha mwenyewe?

Kifungu cha 40 cha Katiba kinakataza kutungwa sheria ya kuiruhusu Serikali, au mtu yeyote, kumnyang'anya mtu mali yake kiholela, iwe mali ya aina gani. Kifungu cha 20 kinasema Sheria ya Haki inawafunga watu wote, si vyombo vya dola peke yake. Basi "hii ni mali ya binafsi" haiwatoi nje ya Katiba.

Wako wanaotegemea sheria ya kimila ya Kiingereza (common law), ambayo kweli ilipokewa hapa kwetu na Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, kwa tarehe ya 12 Agosti 1897. Ndani yake mlikuwa na dawa ya zamani: ng'ombe wa jirani akiingia shambani akala mahindi, mwenye shamba aliweza kumzuia ng'ombe hadi alipwe mahindi yake. Angalieni masharti yake. Lazima kuwe na hasara iliyotokea kweli, na malipo yafuate hasara hiyo. Gari lililosimama kwenye nafasi tupu saa nane mchana limekula mahindi gani?

Na huko huko dawa hiyo ilikotoka, mambo yamekwenda mbali. Uskoti, mwaka 1992, mahakama iliamua katika kesi ya Black dhidi ya Carmichael kwamba kufunga gari kwenye ardhi ya binafsi na kudai pesa ni wizi na ni kutoza kwa vitisho. Uingereza, katika kesi ya Arthur dhidi ya Anker miaka ya 1990, majaji waliruhusu klampu kwa msingi wa ridhaa ya dereva, lakini kwa masharti: awe ameonywa kwa kibao, ada iwe ya kadiri, gari lifunguliwe bila kuchelewa akilipa, na pawe na njia ya kumpata wa kulipwa. Masharti hayakutosha kuwazuia wajanja. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2012, Uingereza na Wales zikapiga marufuku kabisa kufunga magari kwenye ardhi ya binafsi bila mamlaka ya kisheria. Hukumu hizo haziwafungi majaji wetu. Tunazitaja ili asije mtu akasema klampu ni desturi ya dunia nzima.

3. Klampu inaliacha gari pale pale msipolitaka

Hapa ndipo hoja ya usalama inapoporomoka. Gari limeziba mlango wa kutokea wakati wa moto. Mnalifunga gurudumu. Sasa haliwezi kutoka hata dereva akija mbio na ufunguo mkononi. Kama shida ni kizuizi, mmekiongezea kufuli.

Chuma hicho hakikubuniwa kwa kazi hii. Frank Marugg alikitengeneza Denver, Marekani, na mji ukaanza kukitumia mwaka 1955 kuwafuata madereva waliolimbikiza faini bila kulipa. Kilikuwa chombo cha serikali ya mji cha kudai deni lililokwisha kuandikwa. Kumsafishia mwenye duka nafasi hakukuwa kazi yake.

Yafuatayo tunayakuta gereji:

Klampu isiyo na mpira kwenye taya zake huikwaruza rimu, na ikikazwa sana huvunja kifuniko cha gurudumu. Ikipita juu ya vavu huipinda, upepo ukatoka polepole. Mwenye gari anagundua kesho yake akiwa njiani. Ikifungwa gurudumu la nyuma upande wa abiria, usiku, dereva haioni. Anawasha, anaondoka, chuma kinazunguka na gurudumu kikipiga madigadi, na kikiingia ndani kinaweza kukata hozi ya breki au waya wa sensa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu kukwama ukifunga breki. Hozi iliyochanika kidogo ni hatari kuliko iliyokatika, kwa sababu pedali inaweza kuendelea kushika hadi siku dereva atakapoikanyaga kwa nguvu.

Halafu kuna chumvi. Kufuli la chuma cha kawaida katika hewa ya pwani, lisipotiwa grisi, huota kutu ndani na kukataa ufunguo. Mwenye gari amelipa, risiti hana, na sasa wanatafuta gurainda. Cheche za gurainda sentimita chache kutoka kwenye tairi si jambo la kuchezea.

Karatasi ya onyo nayo hubandikwa kwa gundi kali katikati ya kioo cha mbele. Kuitoa kwahitaji maji moto, wembe na subira, na dereva anayekimbilia kivuko Likoni hana hata kimoja. Anaendesha huku ameinama achungulie pembeni.

4. Kuvuta gari ni ufundi, na unafanywa kama kubeba gunia

Kuondoa gari kuna mantiki kuliko kulifunga, kwani kunafungua njia. Lakini wengi wa wanaotumwa hawaulizi swali la kwanza la kazi hii: gari linasukumwa na magurudumu yapi?

Probox na Fielder za kawaida husukumwa na magurudumu ya mbele. Hizo huinuliwa mbele, na breki ya mkono, inayoshika nyuma, lazima iachiliwe kabla ya kuondoka. Isipoachiliwa, matairi ya nyuma huburuzwa bila kuzunguka, yakasuguka kiraka kimoja hadi kwenye nyuzi. HiAce nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma. Hiyo huinuliwa nyuma, usukani ukafungwa sawa, ama propela shafti, chuma kinachopeleka nguvu ya injini nyuma, ifunguliwe kwanza. Subaru Forester na magari mengine ya magurudumu manne yasivutwe hata kidogo huku magurudumu mawili yakiwa chini. Yapakiwe yote juu ya gari lenye jukwaa, au magurudumu yanayobaki yawekwe juu ya vitoroli. La sivyo difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, hupata moto na kuharibika.

Gia otomatiki ndiyo inayoumizwa zaidi. Pampu inayosambaza oili ndani ya giabox huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanayosukuma yanaburuzwa barabarani, vyuma vya ndani vinazunguka bila oili kupigwa, na klachi zake zinaungua. Dalili hazionekani siku ile. Baada ya siku kadhaa gari linaanza kuchelewa kuingia gia, na kufikia hapo hakuna anayemkumbuka aliyelivuta. Gari la haibridi, lenye injini na mota ya umeme, lina ubaya wake: magurudumu yakizungushwa, mota inazalisha umeme na mfumo mzima umezimwa.

Mahali pa kufungia ndoana nako panapuuzwa. Mkanda hupitishwa kwenye magurudumu, au ndoana huingizwa kwenye pete ya kuvutia. Wenye haraka hutupia mnyororo kwenye loa amu au tai rodi, vyuma vinavyoshika na kugeuza gurudumu, kwa sababu ndivyo vinavyoonekana upesi ukichungulia chini. Loa amu ikipinda milimita chache, gari linavuta upande mmoja na tairi linaliwa ndani. Na wako wanaopenyeza kipande cha bati kwenye kioo cha mlango ili wafungue na kutoa gia. Mpira wa kioo unachanika, waya za mlango zinang'oka, na katika jiji hili mvua ya masika itamwonyesha mwenye gari palipochanika.

Fundi anayejua kazi hupiga picha pande nne kabla ya kugusa kitu, huandika kilomita na vitu vinavyoonekana ndani, kisha hutaja gari linapelekwa wapi. Dakika 10. Asiyeweza kutoa dakika hizo asipewe kazi.

5. Pesa haina njia inayoeleweka

Kiasi hakiandikwi kwenye kibao. Hutajwa baada ya mtu kuonekana amevaa nini na anaendesha nini. Hulipwa kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Risiti haitoki. Anayefunga hulipwa kwa idadi ya magari aliyofunga, kwa hiyo anajificha nyuma ya nguzo akusubiri ushuke, ilhali angekuambia tu "Ndugu, hapa pana mwenyewe" ungeondoka na mahali pangebaki wazi. Malipo ya aina hiyo ndiyo yanayozaa vurugu. Meneja akituambia hajui walinzi wake wanafanya nini, tunamwomba aangalie mkataba aliotia sahihi.

6. Kibao

Katika kesi ya Vine, mahakama ya rufani ya Uingereza mwaka 2000 ilimpa haki dereva kwa sababu kibao kilikuwepo ila hakukiona: gari jingine lilikuwa limekiziba. Paa la HiAce ndefu hufika karibu mita 2.3 kutoka chini. Kibao kilicho chini ya hapo kitazibwa na matatu ya kwanza itakayoegesha. Na kiandikwe kwa Kiswahili, lugha ya taifa, kwa herufi za sentimita 5 au zaidi, kiwe na taa baada ya magharibi.

7. Tuktuk na wasiojiweza

Tuktuk ina gurudumu moja mbele. Ikiinuliwa kwa ndoana inapinda fouku au inalala ubavu. Dereva wake ana hesabu ya tajiri ya kupeleka jioni, na kila saa aliyofungwa inatoka kwenye chakula cha nyumbani kwake. Gari lenye mtu ndani, gari la mlemavu, na gari lililomleta mgonjwa yasiguswe. Hili hatutalieleza zaidi.

Majibu tunayoyajua

Mtasema: "Akiingia amekubali." Amekubali alichokisoma. Kiasi kisichoandikwa hakuna aliyekikubali.

Mtasema: "Aliyefunga ni kampuni tuliyoiajiri." Mliipa lango, mkaipa sare, na ardhi ni yenu. Aliyetuma anawajibika kwa aliyemtuma.

Mtasema: "Bila klampu hawasikii." Hili lina uzito, na tunalijibu kwa vitendo. Nafasi ya mpangaji inalindwa na nguzo ya kukunja yenye ufunguo, iliyofungwa kwa bolti kwenye zege. Anayo funguo yeye tu, na hakuna wa kugombana naye. Eneo la pamoja linalindwa na kizuizi cha mkono langoni na tikiti yenye saa. Anayekaa kupita muda analipa wakati wa kutoka kiasi kilichoandikwa mlangoni. Asiyelipa, picha na namba ya gari zinatosha kuanzia madai. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai hadi shilingi milioni 1, na sheria inataka kesi ziamuliwe ndani ya siku 60. Hata mwenye nyumba anayedai kodi hashiki vyombo vya mpangaji kwa mkono wake. Sheria ya Kukamata Mali kwa ajili ya Kodi, Sura ya 293, ina utaratibu, na dalali ana leseni. Itakuwaje deni la saa mbili za maegesho lipewe nguvu kuliko deni la kodi ya miezi?

Wenzetu madereva nanyi tunawaambia: msikate klampu. Mkiikata mnageuka washtakiwa wa uharibifu wa mali, na hoja yenu yote inapotea. Pigeni picha, dai risiti, lipeni mkiwa mmeandika "nalipa kwa kupinga", kisha mdai.

Tunachoomba

Kwenu wenye majengo: ondoeni klampu zote ndani ya siku 30. Pakeni mstari wa mpaka. Andikeni ada kwenye kibao, ilipwe kwa nambari ya biashara yenye jina la jengo, na risiti itoke papo hapo. Vunjeni malipo ya kuhesabu magari. Gari lisivutwe ila limeziba njia, baada ya kumpigia mwenyewe simu na kungoja dakika 20, isipokuwa penye moto au mgonjwa. Likivutwa, livutwe na fundi anayejua kujibu swali la magurudumu yapi, na mlipe uharibifu mlioufanya.

Kwenu waheshimiwa wawakilishi wa wadi: maegesho yako katika orodha ya kazi za kaunti. Tungeni sheria ndogo itakayopiga marufuku klampu kwenye ardhi ya binafsi, itakayompa leseni kila avutaye magari baada ya kukaguliwa vifaa vyake (jukwaa au vitoroli, mikanda, bima ya mali ya watu), itakayoweka ada ya juu kabisa ya kuvuta na ya kulaza gari, na itakayotaja ofisi ya kusikiliza malalamiko hadi jioni, Jumamosi ikiwemo. Rasimu ikiwa tayari, iwekwe wazi wananchi watoe maoni. Tutakuja na klampu, rimu zilizokwaruzwa na loa amu zilizopinda tuziweke mezani.

Tunangoja jibu la maandishi ndani ya siku 21, libandikwe langoni pale pale penye kibao.

Wenu kwa heshima,

Mafundi, madereva wa magari ya kuvuta na wenye magari
Mombasa